Mkamwana wa Ngana aliyewapa Wajerumani mto ambao haupo

"Huu mto wa pili uko wapi?"

Wakuu, mugonile nyote. Hilo ndilo swali nililoulizwa mbele ya darasa zima nikashindwa kulijibu, mimi niliyeoga kwenye mto wa kwanza tangu sijaota meno.

Nitangulize hili: uzi huu si chai. Nimeupata kwa bibi yangu, naye aliupata kwa bibi yake ambaye alikuwepo pale pale. Na mimi si mwepesi wa kuamini. Darasa la kipaimara nilitolewa nje kwa kumuuliza mchungaji nani alikuwa anaandika wakati Yona yuko tumboni mwa samaki. Kwa hiyo penye mashaka nimeshatia mashaka mwenyewe, msijisumbue.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo. Mada ya siku hiyo ilikuwa ushirikiano wa jeshi na wanadiplomasia katika operesheni zisizo za vita. Kwa Kiswahili cha nyumbani: mwenye bunduki na mwenye kalamu wanatumwa kazi moja, na haitakiwi mtu apigwe risasi. Kupima mipaka, kuokoa watu kwenye mafuriko, kupeleka dawa. Mhadhiri wetu alisema eneo hili lina "changamoto za uratibu". Aliyasema maneno hayo kwa utulivu sana, kama mtu anayesema kuna mawingu.

Akawasha projekta. Ikatokea ramani ya zamani ya Mjerumani, kona yetu ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Nikafurahi. Matema ipo, milima ipo, Songwe ipo inateremka kuingia ziwani.

Halafu, kusini kidogo ya Songwe, kwa mwandiko ule ule wa kupendeza, kuna mto mwingine. Umeandikwa Madjijangombe.

"Nani anatoka Kyela hapa?"

Wenzangu, kwa upendo walionao, wakaninyooshea vidole.

"Haya dada. Huu mto wa pili uko wapi?"

Nikasema labda ulikauka. Mhadhiri akasema mito ya Kyela haikauki, inazidi. Darasa likacheka. Kwa wasiojua, Kyela ni mahali ambapo mvua ikikosekana wiki moja watu wanauliziana kama kuna ibada ya toba.

Asaimenti ikawa hiyo: eleza asili ya kosa hili la ramani na linatufundisha nini kuhusu taasisi mbili kufanya kazi pamoja.

Likizo nikaenda nyumbani, Ngana.

Nilimkuta bibi anageuza kakao juani kwa mguu, huku na huku, kama mtu anayecheza ngoma peke yake. Nikamwonyesha ile ramani kwenye simu. Hajui kusoma herufi za Kijerumani, mimi pia sijui, kwa hiyo nikamsomea kama ilivyo: Ma-dji-ja-ngo-mbe.

Bibi akasimama. Akaniangalia. Kisha akacheka mpaka akakalia kakao.

"Maji ya Ng'ombe! Kumbe waliandika kweli!"

"Ni mto, bibi?"

"Mto gani, mke mwenzangu? Hiyo ni heshima."

Sasa hapa wakuu ngoja niwaeleze kitu, maana bila hiki hamtaelewa kitu.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba hawapendani. Hawaonani, basi. Akipita njiani wewe unaingia migombani. Akiwa uani wewe uko ndani umegeuza mgongo. Humsemeshi na yeye hakusemeshi. Wenyewe wanaita kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Na kubwa zaidi, jina lake hulitaji mpaka ufe. Hata neno la kawaida likifanana na jina lake hulitaji, unatafuta neno lingine. Baba mkwe akiitwa jina lenye "moto" ndani yake, wewe maisha yako yote utapika kwenye "kile chenye kuwaka".

Nilimuuliza bibi, hii haikuwa usumbufu? Akasema usumbufu ni simu yangu.

Basi. Bibi yake bibi aliitwa Tusekile. Aliolewa hapa Ngana zama za Mjerumani, kwenye nyumba ya malafyale, yaani chifu wetu. Na huyo malafyale, baba mkwe wake, aliitwa Kasongwe.

Soma jina hilo tena taratibu.

Ndiyo. Tusekile aliishi kando ya mto Songwe na hakuruhusiwa kuutaja. Wakamwana wote wa nyumba ile walikubaliana kuuita Maji ya Ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wa malafyale walikuwa wakinywa pale kivukoni, upande wetu huu, kila asubuhi. Kijiji kizima kilijua. Ukisikia mwanamke anasema anakwenda Maji ya Ng'ombe, unajua ni mke wa mtoto fulani wa Kasongwe na anakwenda Songwe.

Ng'ambo ya mto, karibu tu, alikuwa anaishi mama yake Tusekile. Mjane, miguu imevimba, hatembei mbali. Alikuwa na migomba yake kwenye kipande cha ardhi kati ya Songwe na mkondo wa zamani. Mkondo wa zamani ni pale mto ulipopita enzi hizo kabla haujahama (mto wetu unahama kama mpangaji mwenye madeni), pamebaki madimbwi na matete. Mumewe alizikwa kwenye migomba ile. Kila alipoambiwa ahamie upande huu kwa binti yake alijibu, "Na huyu nimwachie nani?" akionyesha kaburi kwa kidevu.

Kwa hiyo Tusekile alivuka kila mara na chungu cha ndizi na maharage kichwani. Chungu chenyewe cha Ikombe, walichopata kwa kubadilishana na mchele. Maji yalimfika magotini, akaenda, akamlisha mama, akarudi.

Hapo ndipo Wajerumani walipokuja kufanya operesheni isiyo ya vita.

Walikuja wawili wakubwa. Mmoja Luteni wa jeshi, mwenye buti za kufika magotini, watu wakamwita Bwana Buti. Wa pili alitumwa na ofisi yao ya Mambo ya Nje huko Ulaya, aje kuonyesha mpaka kati yao na Mwingereza kwa njia ya amani. Huyu alisema sana, watu wakamwita Bwana Maneno. Kiswahili alijifunza kitabuni. Alikuwa akimwona mtu anachimba muhogo anamwambia "sabalkheri" na mtu anatafuta nyuma yake ni nani anayeambiwa.

Walitumwa pamoja. Walikuja pamoja. Ukiacha hilo, hawakuwa na kitu cha pamoja.

Mahema mbali mbali. Wapishi mbali mbali. Bendera mbili, za nchi moja. Bwana Buti alitaka bunduki zionekane ili watu waheshimu. Bwana Maneno alitaka bunduki zisionekane ili watu wasiogope. Wakajadiliana nusu ya siku, wakaelewana: bunduki zizungushiwe mikeka. Ndivyo askari walivyoingia Ngana, kila mmoja amebeba mkeka mwembamba wenye kitako cha bunduki kinachochungulia. Watu wetu hawakuogopa wala hawakuheshimu. Walidhani wanauza mikeka.

Kuitisha mkutano nako kukawa na shida. Bwana Buti akataka ipigwe tarumbeta, ndiyo desturi ya jeshi. Bwana Maneno akataka ipigwe ngoma, ndiyo kuheshimu desturi ya wenyeji. Uratibu ukafanyika. Vikapigwa vyote viwili.

Wakuu, kwetu ngoma kubwa ikipigwa ghafla asubuhi, kuna msiba.

Kijiji kikaja kinalia. Wanawake wamejifunga viuno, wanaume wameshika mikuki ya kuchezea msibani. Bwana Buti kuona mikuki akaamuru mikeka ifunguliwe. Bwana Maneno akapanda juu ya sanduku anapunga mikono, "Amani! Amani!" Na mzee mmoja anamshika askari bega, machozi yanamtoka, anamuuliza, "Nani amekufa?"

Askari yule akajibu, "Bado."

Nilimuuliza bibi, huyo askari alisema hivyo kweli au umeongeza chumvi? Bibi akasema, "Na Yona, wewe ulikuwepo?" Kumbe habari za kipaimara zilimfika.

Watu walipotulia ikajulikana kinachotakiwa. Malafyale aseme mpaka wa nchi yake uko wapi. Patasimikwa nguzo. Kwenye nguzo watakaa askari. Ukitaka kuvuka kwenda ng'ambo sharti uwe na cheti kutoka bomani. Boma lilikuwa mbali huko, uende mpaka Matema, upande mtumbwi upite Ikombe, na ukifika umwombe Mzungu karatasi ya kumpelekea mama yako ndizi.

Tusekile alisikia hayo akiwa ndani. Akaelewa mara moja. Mpaka ni Songwe, nani asiyejua? Nguzo itasimama kivukoni. Mama atabaki ng'ambo na kaburi lake na miguu yake.

Na tazama mambo yalivyo. Mkalimani wao alikuwa ameachwa Matema, homa imemlaza. Shaushi, yule sajini wa askari, alijua Kiswahili lakini Kinyakyusa hajui hata salamu. Akauliza, kuna mtu yeyote hapa anayejua Kiswahili? Watu wakaangaliana. Kasongwe mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anaangalia mbele kama ukuta.

Mwishoni mtu mmoja akasema, "Mke wa mtoto wa malafyale anajua."

Ni kweli. Mama yake Tusekile, kabla miguu haijavimba, alikuwa akiwapikia wafanyabiashara wa Kiswahili waliopita upande wa Karonga. Mtoto alikulia miguuni pa masufuria, lugha akaiokota.

Kwa hiyo mtu pekee anayeweza kuzungumza na malafyale kwa niaba ya dola ya Ujerumani ni mtu pekee kijijini asiyeruhusiwa kuzungumza na malafyale.

Bwana Maneno alielezwa. Inasemekana alifurahi sana, akaandika. Bwana Buti alielezwa. Inasemekana alivua kofia, akaivaa tena.

Wakafanya hivi. Yakasimamishwa majani ya mgomba kama kizuizi. Tusekile akakaa nyuma yake, mgongo kwa baba mkwe, kitambaa kichwani. Kasongwe akawa anasema na hewa. Tusekile anaisikia hewa, anaigeuza Kiswahili, anamwambia Shaushi aliyesimama kando ya majani. Shaushi anapeleka kwa wakubwa.

"Mpaka wa nchi yake uko wapi?" akauliza Bwana Maneno.

Kasongwe akaiambia hewa kwa Kinyakyusa, "Songwe. Hata mtoto anajua."

Nyuma ya majani Tusekile akashika kitambaa chake.

"We mama," Shaushi akasema, "amesema nini?"

"Amesema mpaka ni mto."

"Mto gani?"

Kimya.

"Songwe?"

Wanawake wote wakapiga ukelele. Mtu mzima na kofia yake anamtajia mkamwana jina la baba mkwe, na baba mkwe mwenyewe amekaa pale! Tusekile akafunika uso.

"Mbona kelele? Nimetukana? Mama, umemeza ulimi?"

"Sikumeza."

"Basi mto gani?"

Bibi anasema hapo Tusekile hakuwa na hila yoyote. Aliulizwa mto, akajibu kwa jina pekee ambalo kinywa chake kiliweza kulitoa.

"Amesema mpaka ni Maji ya Ng'ombe."

"Maji ya nini?"

"Ya Ng'ombe."

"Siyo Songwe?"

Ukelele tena. Tusekile kainama mpaka paji la uso linagusa magoti. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Shaushi akawageukia wakubwa: "Anasema siyo Songwe, bwana. Kila nikiitaja Songwe wanakasirika."

Sasa tazameni taasisi mbili zinavyofanya kazi.

Karatasi ya Mambo ya Nje ilisema mpaka ni Songwe. Bwana Buti akafurahi kusikia kwamba Mambo ya Nje wamekosea. Bwana Maneno alipaswa kukasirika, lakini akafurahi zaidi, maana amegundua mto ambao hakuna Mzungu aliyewahi kuuandika, na ameupata kwa mbinu ya kusikiliza wenyeji. Kila mmoja akakubali uwongo kwa sababu yake mwenyewe. Mhadhiri wangu ana jina zuri la hali hii, anaiita "muafaka".

Mkutano mzima ulijua ni Songwe. Hakuna aliyesema. Wengi hawakuelewa kinachosemwa kwa Kiswahili. Kasongwe naye alikaa tu, akaomba ugoro, akanusa, akapiga chafya.

Kilichobaki ni kuuona huo mto. "Uko wapi?" akauliza Bwana Maneno.

Shaushi akamuuliza Tusekile. Tusekile akajibu ukweli, "Pale ng'ombe wanapokunywa."

Bwana Buti akafunga kitabu chake. "Vizuri. Kesho asubuhi tutafuata ng'ombe."

Jioni ile Tusekile alipika, hakula. Maana ng'ombe wa Kasongwe walikuwa wanakunywa wapi? Songwe, kivukoni, upande huu. Wazungu watawafuata, watafika kivukoni, nguzo itasimikwa pale pale ilipotakiwa kusimikwa tangu mwanzo, na mama yake atabaki kule. Mto wa uwongo na mto wa kweli ilikuwa kitu kimoja. Hakuna alichookoa.

Angemwambia nani? Mumewe angesema ni mambo ya baba. Baba ni mtu ambaye hajawahi kumwona uso. Akamwomba Mungu, na bibi anasema hakujua hata aombe nini. Aombe ng'ombe wasione kiu?

Asubuhi msafara ukapangwa. Likazuka swali la nani atangulie. Bwana Buti alisema jeshi hutangulia penye hatari. Bwana Maneno alisema hakuna hatari, ndiyo maana ya operesheni ya amani, kwa hiyo atangulie yeye. Wakiwa bado wanaelezana, ng'ombe wakatangulia.

Hapo uratibu ukapatikana.

Ng'ombe mbele. Nyuma yao wachungaji wao na fimbo. Kisha dola: bendera mbili, tarumbeta, mikeka. Bwana Buti anakanyaga mavi kwa msimamo wa kijeshi, Bwana Maneno anayaruka kwa diplomasia. Tusekile nyuma kabisa na wanawake, chungu kichwani, maana hata dunia ikiisha mama atakula.

Wakafika kivukoni.

Ng'ombe wa kwanza akainamisha kichwa, anataka kunywa. Mchungaji akampiga fimbo ya ubavu.

Akaingia majini. Wa pili akaingia. Wote wakaingia, maji chini ya tumbo, wanapandisha upande wa pili wanajikung'uta. Wachungaji wanapiga mluzi, hawageuki nyuma.

Bwana Buti akaingia na buti zake, zikajaa. Bwana Maneno akabebwa mgongoni na mpagazi, akiwa ameshika karatasi zake juu, mdomo unaendelea.

Wakavuka Songwe yote bila kuuliza ni mto gani.

Wakapita migomba ya mama yake Tusekile. Bi mkubwa yuko mlangoni, miguu kwenye jua. Akaona ng'ombe, akaona bendera, akasikia tarumbeta.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama," Tusekile akasema, anashusha chungu.

"Sasa hawa wanakwenda wapi?"

"Wanafuata ng'ombe."

"Wazungu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwao hawana?"

Ng'ombe wakaenda mpaka mkondo wa zamani, kwenye madimbwi yenye matete. Pale wakaachiwa. Wakanywa.

"Maji ya Ng'ombe!" akasema Bwana Maneno, kofia kifuani.

Ikasimikwa nguzo. Zikapandishwa bendera zote mbili. Bwana Maneno akatoa hotuba kuhusu udugu wa mataifa. Ng'ombe mmoja akaona nguzo inafaa kujikunia, akajikuna, ikaanguka, ikasimikwa tena kwa saluti ya pili. Askari wakaachwa pale kulinda dimbwi. Na mama yake Tusekile, bila kunyanyuka mlangoni kwake, akawa upande wa ndani.

Hakuhitaji cheti. Aliletewa ndizi zake mpaka alipofariki, akazikwa kando ya mumewe. Waingereza nasikia walilalamika kwamba kwenye ramani yao kuna mto mmoja. Ofisi mbili za Kijerumani zikaandikiana kila moja ikisema swali hilo lipelekwe kwa nyingine. Kisha vita vikaja, askari wa dimbwi wakaondoka, Mjerumani naye akaondoka. Mpaka leo ni Songwe kama ulivyokuwa siku zote. Ule mkondo wa zamani ni mashamba ya mpunga. Mto wa pili umebaki kwenye ramani tu, pale aliponionyesha mhadhiri.

Sasa mimi na tabia yangu. Nilimbana bibi.

"Bibi, ng'ombe walikuwa wananywa upande huu kila siku?"

"Kila siku."

"Siku ile wakavushwa?"

"Wakavushwa."

"Nani aliwaambia wachungaji wavushe?"

"Mungu."

"Mungu alikwenda zizini?"

"Wewe ndiyo maana huolewi," bibi akasema, akarudi kwenye kakao yake.

Niliuliza na wazee wengine. Mmoja akasema nyasi za ng'ambo zilikuwa nzuri mwaka ule. Mwingine akasema kulikuwa na mamba kivukoni, nikamuuliza mbona Wazungu hawakuliwa, akasema mamba hali kila kitu. Hakuna jibu lililosimama.

Nikaandika asaimenti yangu. Chanzo: bibi, mazungumzo wakati anageuza kakao. Mhadhiri akarudisha na alama ya C na maneno mekundu: "Bibi si chanzo." Nilimfuata ofisini. Nikamuuliza ramani yake ina mto ambao haupo, je, hiyo ni chanzo? Akaniambia nina kipaji, nisikitumie vibaya.

Nilichojifunza wakuu, kwa ufupi. Mkiambiwa kuna operesheni ya pamoja, ya amani, yenye kusikiliza wenyeji, msiangalie bendera wala mikeka. Angalieni ni ng'ombe wa nani wanaotangulia. Wenye operesheni mara nyingi hawajui.

Na la pili: heshima ambayo sisi wasomi tunaiita mila kandamizi (mimi mwenyewe nimeiita hivyo kwenye midahalo, nikapigiwa makofi) siku hiyo ilimkinga mama mmoja kuliko mkataba wowote. Sisemi irudi. Mimi baba mkwe wangu nitamwangalia usoni na nitamuuliza maswali. Nasema tu nilicheka kabla sijaelewa.

Wa Kyela, wa Ileje, na majirani wa Karonga mliomo humu: kama na kwenu kuna mto, mlima au kijiji kilichozaliwa kwa sababu mtu hakuweza kutaja jina, kiwekeni hapa. Na wale wa "hii chai", karibuni pia, ila mje na maelezo ya wale ng'ombe, kwa sababu mimi sina.

.

NYONGEZA, baada ya muda mrefu:

Uzi huu nilikuwa nimeshausahau. Mwezi huu tulikuwa na msiba Ikombe, bibi mmoja wa ukoo wetu, wa nyumba nyingine ya Kasongwe. Mimi nilikaa na wanawake tunamenya ndizi, nikawasimulia habari za ng'ombe. Wakacheka wote isipokuwa bi mkubwa mmoja, binti wa marehemu.

Akaniuliza, "Bibi yako hakukwambia kuhusu ugonjwa wa Kasongwe?"

Nikasema hakuniambia.

Akasema Kasongwe alipougua ule ugonjwa wa mwisho, homa ilimpanda akaanza kusema maneno ambayo wauguzaji wake hawakuyaelewa. Wakadhani amepandwa na pepo wa mbali. Wakatafuta dawa ya kumtoa pepo huyo.

Tusekile alikuwa nje, nyuma ya ukuta, amegeuza mgongo kama inavyompasa. Ndiye pekee aliyesikia kwamba mzee anawahimiza wapagazi, anawaambia wasishushe meno ya tembo mavumbini, Kilwa imekaribia. Ujana wake, kabla hajawa malafyale, alikuwa amebeba mizigo mpaka pwani.

Alikuwa anaongea Kiswahili. Kizuri kuliko cha mkwewe.